"Njoo kesho" ya fundi cherehani inatoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu. Wiki mbili zilizopita alituandika sisi mafundi cherehani, wote kwa pamoja, kwamba ni waongo wa kuzaliwa. Alipeleka kitambaa cha suruali akaambiwa Ijumaa. Ijumaa akaambiwa Jumatatu. Jumatatu akamkuta fundi ndiyo kwanza anachora chaki kwenye kitambaa chake, na hapo hapo anamwapia kwamba imebaki kupiga pasi tu. Niliisoma barua ile nikiwa barazani kwangu, nikacheka mpaka binti ninayemfundisha kazi akaja kuchungulia. Nilicheka kwa kuwa hiyo "imebaki pasi" nimeisema kwa mdomo wangu mwenyewe miaka isiyopungua kumi na tano.

Mimi ni mwanamke, nashona Mji Mpya hapa Morogoro tangu 1998. Nilianza na cherehani moja ya kukanyaga niliyoachiwa na shangazi yangu, leo ninazo tatu pamoja na mashine ya ovaloki. Mambo ya kupanga muda sikuyasomea. Na wale wahamasishaji wanaotuambia tuamke saa kumi alfajiri ili tutajirike siwaelewi, maana saa kumi alfajiri mimi niko macho siku zote, nakinga maji, na utajiri sijauona. Ninachokijua nimekitoa kwenye kaunta buku moja iliyochakaa, nitaifikia.

Nianze kwa kukiri.

Mwaka 2019 nilichukua kazi ya sare za mashangazi wa bibi harusi. Magauni 22, kitenge kimoja, mshono mmoja, sherehe Jumamosi jioni. Kitambaa kililetwa siku kumi na mbili kabla, nikasema Alhamisi mje mjaribu. Kwa nini nilisema Alhamisi? Mhariri, nakuapia sijui. Mteja alisimama mlangoni na mkoba wake, anasubiri nitaje siku, nami nikataja siku iliyosikika vizuri. Kichwani sikuwa nimejumlisha chochote. Kwenye kamba kulikuwa na kazi nyingine tisa za watu, na wenyewe wote nilikuwa nimewaahidi Alhamisi hiyo hiyo au Ijumaa yake.

Alhamisi walikuja, nikawaambia imebaki pasi. Ijumaa saa tatu usiku nilikuwa na magauni manane hayajaonja zipu. Umeme ukakatika. Cherehani ya kukanyaga haina habari na umeme, lakini macho yanayo. Binti mmoja akashika simu kutumulikia, mwingine anapinda, mimi nakanyaga. Pasi ya mkaa tukaazima kwa jirani, naye akatuazima huku akiguna. Adhana ya Alfajiri inaita ndipo nikagundua kwamba mikono ya gauni moja yote miwili nimeikata ya kushoto. Kitambaa cha akiba hakuna hata cha kuziba tundu la panya. Nilikaa chini sakafuni. Na gauni lile lilikuwa la shangazi mkubwa, mama mnene mwenye heshima zake, ndiye aliyeisimamia shughuli nzima, na yeye ndiye aliyekuja kuchukua mzigo saa nne asubuhi.

Nikamwambia ukweli, kwa mara ya kwanza katika siku zote zile kumi na mbili. Akanitazama, akaitazama mikono ile miwili juu ya meza, akaigeuza mmoja kama anayetaka kuhakikisha, akasema, "Haya mwanangu. Nitavaa dera langu." Basi. Hakunitukana, hakudai arejeshewe kitu. Baadaye niliziona picha za sherehe: mashangazi 21 wamejipanga wameng'ara, na yeye pembeni kabisa na dera la kijani na mtandio, anacheka na wenzake. Picha moja niliiomba nikaibandika ukutani, juu ya cherehani. Wateja wanadhani ni tangazo la kazi zangu.

Mama yangu mzazi alifanya kazi kiwanda cha nguo hapa hapa mjini, enzi zile eneo la viwanda kule Kihonda bado linaingiza watu na kuwatoa kwa zamu. Alikuwa anarudi nyumbani na vumbi la pamba kwenye nywele. Ukimwuliza mashine yake inatoa mita ngapi kwa zamu, alikuwa anakutajia bila kufikiri, na akakutajia na siku ambayo mzigo utakwisha. Mimi niliyejiajiri, bosi wa nafsi yangu, nilikuwa nimeshona miaka ishirini na moja bila kujua gauni moja linakula saa ngapi.

Basi baada ya harusi ile nikanunua kaunta buku, nikamwambia binti: kila nikishika kazi andika saa, nikiiacha andika saa, hata nikiiacha kwa sababu ya kwenda kunywa maji. Tulifanya hivyo wiki tatu. Gauni la kitenge la kawaida, lenye zipu na bitana ya kifuani, mdomo wangu ulikuwa ukisema "ni saa moja na nusu tu". Daftari likasema: kukata dakika 40, kushona saa 2 na dakika 15, ovaloki na kupinda dakika 35, vifungo na pasi dakika 25. Jumla saa 3 na dakika 55. Na hapo mteja hajarudi kusema limembana makwapani.

La pili ndilo lililoniumiza zaidi. Nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa kumi na mbili jioni, hizo ni saa kumi. Katika saa kumi hizo, muda ambao mikono yangu ilikuwa kweli juu ya nguo ya mtu ulikuwa saa nne na nusu, siku njema saa tano. Kumbe kwa siku naweza gauni moja na kipande, nami nilikuwa napokea matatu. Mtu anayepokea matatu na kutoa moja, afike Jumamosi bila uongo kwa dawa gani? Ahadi zaidi ya kumi zinakuwa zinaelea hewani, na kila mwenye nguo akija unampa neno la kumsogeza mbele. Ndiko inakotoka "njoo kesho". Msomaji wenu anadhani fundi anapanga kumdanganya. Fundi hapangi kitu, na balaa lote limelala hapo.

Sasa zile saa tano nyingine zilikwenda wapi? Nilidhani ni salamu, maana tukizungumzia muda watu wengi hukimbilia kulaumu salamu. Nikazihesabu. Salamu za jirani anayepita na kapu, umeamkaje, watoto hawajambo, mzee mguu unaendeleaje, zilikula dakika 20 kwa siku nzima, na hizo sizipunguzi hata nikilipwa. Nusu ya wateja wangu waliletwa na salamu.

Mlaji mkubwa alikuwa uzi. Nashona gauni jekundu, anaingia mtu na suruali nyeusi ana haraka, nang'oa uzi mwekundu natia mweusi, namaliza, narudi kwenye gauni, natafuta bobini ya uzi mwekundu siioni, najaza nyingine. Kila kubadilisha ni dakika nne au tano. Kuna siku tulibadilisha mara 15, ukijumlisha ni zaidi ya saa nzima imekwenda kwenye tundu la sindano.

Akafuata zipu. Sikuwa na akiba ya zipu hata moja, kila ikihitajika ndipo mtu anatumwa sokoni. Anaondoka, anarudi na zipu ya inchi nane badala ya kumi na sita, na vitumbua, na habari ya nani kagombana na nani kwenye meza za dagaa. Anarudishwa. Siku moja binti alikwenda sokoni mara nne, na kwa kuwa ni mtoto wa watu anajua kutumwa ni kupumzika, hakunikumbusha hata mara moja kwamba tungeweza kununua nne kwa pamoja.

Wa tatu alikuwa simu. Mteja ametuma picha ya mshono. Baada ya muda anatuma nyingine, "achana na ile, nataka hii". Jioni anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu kuelezea kola ambayo kwenye picha haipo.

Nilivyofanya ni mambo madogo ambayo naona haya hata kuyaandika gazetini. Jumatatu nakata tu, cherehani zimefunikwa. Siku zinazofuata nguo zinakwenda kwa rangi: nyeusi na za bluu pamoja, nyekundu na za waridi pamoja, na mwenye haraka anaambiwa siku ya rangi yake ni lini. Zipu nanunua kwa dazani mwanzo wa mwezi. Mshono unachaguliwa siku ya kupima, nauchora kwenye daftari na mwenyewe anaweka sahihi chini yake. Picha inayotumwa baada ya mkasi kupita naisifia sana, lakini siishoni. Kwa hayo tu, saa tano za kazi zikawa saba. Sikuongeza hata dakika ya kuamka mapema.

Kuna na suala la saa zenyewe, maana hapo napo tunapotezana. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka. Huku kwetu mchana wa Juni na mchana wa Desemba haupishani hata saa nzima, kwa hiyo saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi mwaka mzima, unachungulia nje unaijua. Simu zikaja na hesabu zake. Kijana mmoja mfanyakazi wa ofisini aliniandikia, "Nakuja kesho saa 4 kujaribu suti." Nikapangusa kiti, nikaitundika suti ikiwa na mishono ya kushikiza, nikamsubiri saa nne asubuhi. Hakuja. Mchana nikampeleka mjukuu kliniki. Saa kumi jioni simu inalia, yeye amesimama mlangoni kwangu kakunja uso, ananiuliza kama mafundi ndivyo tulivyo. Kwake 4 ni ile inayosomeka kwenye kioo cha simu. Tangu hapo naandika kwa maneno na naweka alama: saa nne asubuhi, chai ya mchana haijanywewa, saa kumi, watu wakitoka kuswali Alasiri. Hata wateja wangu Wakristo Alasiri wanaijua, wanaisikia kila siku.

Na Idd. Fundi wa mji kama huu akizungumza kuhusu muda bila kutaja Idd atakuwa ameficha kidonda. Ramadhani ina siku 29 au 30, mwezi ndio unaoamua. Miaka yote nilikuwa najipangia 30, yaani naikopa siku ambayo sijui kama ninayo. Mwezi unaandama ile ishirini na tisa, tangazo linatoka usiku, na juu ya meza kuna kanzu kumi na mbili za watoto hazina vifungo, kesho asubuhi swala. Nimewahi kusimama uani nikaomba, astaghfirullah, usionekane. Siku hizi Ramadhani yangu mimi ina siku 29, na kumi la pili likiingia sipokei tena nguo ya sikukuu. Anayekuja kumi la mwisho na kitambaa chake mkononi nampa pole na kumwelekeza kwenye maduka ya nguo zilizokwisha kushonwa. Mwezi usipoonekana, ile siku ya thelathini nalala.

Sare za shule nazo ni kichekesho. Shule zinafunguliwa Januari. Zilifunguliwa Januari mwaka juzi, zikafunguliwa Januari mwaka jana. Lakini kila mwaka wiki ya mwisho kuna foleni ya wazazi barazani kwangu wanahema, kama vile Januari imewavamia usiku na mapanga. Nikaamua anayeleta Oktoba au Novemba nampunguzia shilingi 3,000 kwa kila seti. Mwaka wa kwanza walikuja wazazi wanne. Mwaka jana walikuja 31. Wanasema mtoto atakua kabla ya Januari. Ndiyo, atakua, ndiyo maana sketi inapewa pindo la inchi mbili.

Sasa nifike Alhamisi. Barua ni ndefu, Mhariri, najua, na mkasi ni wenu, lakini tafadhali msikate hapa.

Kwenye daftari langu Alhamisi haina jina la mteja. Kila Alhamisi. Jumatatu kukata, Jumanne na Jumatano kushona, Alhamisi tupu, Ijumaa na Jumamosi kumalizia na kutoa. Watu wakiliona daftari wanaona pengo lile, wanafurahi: "Mbona hapa pako wazi, niandike mimi." Mume wangu mwanzoni alinitania kwamba nimeanzisha siku ya pili ya mapumziko kama mabosi. Nilichokuwa nimekiona ni kwamba katika miaka ishirini na moja haijapita wiki bila jambo. Msiba hauna ratiba. Jirani kafiwa, utakwenda, utapika, utakaa mkekani, na fundi asiyekwenda misiba ya watu ajue wake atauzika na nani. Mtoto anashikwa na homa. Mkanda wa cherehani unakatika. Gauni linarudi limebana. Mambo haya yote tunayaita dharura, na tunayaapia kama sababu, kumbe yanakuja kila wiki kwa zamu kama wafanyakazi wa mama.

Mwaka uliopita niliandika kila Alhamisi ilivyotumika. Alhamisi zilikuwa 52. Misiba ilichukua 14. Kurekebisha nguo zilizorudi, 15. Ugonjwa wa nyumbani, 8. Umeme na mashine, 6. Zilizobaki tupu mpaka jua kuzama zilikuwa 9, na katika hizo moja nilikwenda Bigwa kwa dada yangu nikashinda huko nakula maembe, nyingine nililala mchana. Ukitazama hesabu hiyo utaona Alhamisi haikuwa ya kupumzika. Kazi zile zilikuwepo tangu zamani, ila zilikuwa zinakula siku ya mtu aliyelipa.

Sitaki kudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Miezi mitatu ya kwanza fedha ilipungua, kwa sababu nilikuwa napokea kazi chache. Nikaongeza shilingi 2,000 kwa kila gauni nikitetemeka. Wateja wawili walihama. Wengine wakalipa, kwa kuwa Ijumaa yangu ilianza kuwa Ijumaa. Na Desemba iliyopita nilivunja sheria yangu mwenyewe. Alikuja mwalimu wa mwanangu, mtu mwema, nikashindwa kumkatalia, nikaiweka suti yake Alhamisi. Alhamisi ile akafariki mzee wa nyumba ya tatu. Mwalimu alipokuja jioni nilikuwa mkekani na kanga kichwani, na nilipomwona anatokea nikajikuta nasema, "Imebaki pasi." Miaka mitano ya kujirekebisha, neno lenyewe lilikuwa limekaa tu mlangoni linasubiri.

Kwa hiyo naelewa wenzangu. Kumwambia "siwezi" mtu aliyesimama mbele yako ni kazi nzito kuliko kutia zipu ya kujificha. Tumelelewa hivyo, mgeni haambiwi hapana. Nilichojifunza ni kumfungulia daftari mteja asome mwenyewe. Anapekua, anaona majina, anaona tarehe, anashusha pumzi. Daftari linakataa, mimi nasikitika pamoja naye. Tunaachana vizuri, na mara nyingi anasema mwenyewe, "Basi niandike wiki ijayo Jumanne."

Sasa na ninyi wateja, kwa kuwa msomaji wetu alijiandika kama malaika. Sare za kamati ya harusi: kikao cha kuchagua kitenge kinaitishwa saa kumi, kinaanza saa kumi na mbili, kinaahirishwa kwa sababu wajumbe hawakutimia, kitenge kinachaguliwa wiki ya tatu, michango ya kitenge inakamilika wiki ya tano, na kitambaa kinafika kwangu zimebaki siku sita. Hapo nani kamchelewesha nani? Na kadi yenyewe ya mwaliko imeandikwa saa kumi na mbili na nusu jioni ukumbini. Mimi nilikuwa mjinga nikafika saa kumi na mbili na nusu. Nilimkuta kijana anafunga mapazia na mwingine anajaribu spika, "moja mbili, moja mbili." Maharusi waliingia saa tatu kasoro. Nikamwuliza mama mmoja wa kamati, akanieleza kwa upole kabisa kwamba wanaandika kumi na mbili na nusu ili watu waje saa mbili. Wote waliomo wanajua kuwa si kweli na hakuna anayemwita mwenzake mwongo. Fundi akifanya hivyo anaandikwa gazetini.

Wala msiseme Waswahili hatuwezi kufuata saa. Stendi ya Msamvu kondakta alikuwa anakwambia "tunatoka sasa hivi", injini inaunguruma, na unakaa humo mpaka unamaliza karanga. Juni 2024 treni ya SGR ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na hapa. Safari yangu ya kwanza ya kufuata vitambaa Kariakoo kwa treni hiyo nilifika stesheni nimechelewa dakika sita, nilisimama njiani kununua ndizi. Treni imeshakwenda. Tulikuwa watu watano pale nje, na mmoja wetu, baba mzima mwenye mvi, akauliza kwa uchungu wa kweli, "Yaani haikuweza hata kutungoja kidogo?" Leo nenda stesheni ile. Watu ni wale wale wa Morogoro, wamefika mapema, wamekaa na mizigo yao miguuni. Na usiku wa Simba na Yanga sijapata kumwona mtu akifika kibandani kipindi cha pili akisema foleni. Tunawahi kwa kisichotungoja. Harusi inatungoja, kikao kinatungoja, na fundi alikuwa anatungoja. Mimi nimeacha. Ukipewa siku ya kujaribu nguo na hukuja, nafasi yako inakwenda kwa wa nyuma yako, nawe unaandikwa upya.

Kitu kimoja bado sijakipatia dawa, na kama kuna fundi mwenzangu anayesoma gazeti hili anisaidie kwa barua. Nguo zilizokwisha na wenyewe hawaji kuchukua. Hivi ninavyoandika kuna nguo 17 kwenye kamba yangu, zinakula nafasi na vumbi. Wenyewe walikuja wanahema, "nahitaji kesho kutwa, ni ya muhimu sana," wakanikosesha usingizi, kisha kimya. Ukipiga simu unaambiwa nitapita, nitapita wiki hii.

Msomaji wenu hakutaja mji anakoishi. Kama ni wa hapa Morogoro, kuna suruali ya kijivu ya kitambaa kizito, kiuno inchi 36, niliiahidi Ijumaa na Ijumaa ile ilikuwa tayari, iko hapa tangu Pasaka. Aje aichukue siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Hata pasi imepigwa.

Fundi wa barazani,
Mji Mpya, Morogoro.